Likizo ya Nansio: hotpoti ya ndizi, mama mkwe, na mimi niliyejifanya siogopi maji

Wakuu, poleni na majukumu.

Naogopa maji.

Nimeanza na hilo lisije likaniponyoka katikati. Nimelikana karibu maisha yangu yote ya utu uzima, kwa watoto wangu, kwa wanafunzi, na kwa wafanyakazi wenzangu ambao mpaka leo wananiita Nahodha. Nimechoka kulibeba, nalitua hapa jukwaani ambako hamnijui sura.

Ninachosimulia hakina chumvi, kama lisivyo na chumvi ziwa lenyewe. Ni likizo yangu ya kwanza Nansio, ule mji mkongwe wa wavuvi kisiwani Ukerewe. Nilikwenda nikiwa mchumba wa mtu, kwenda kutazamwa.

Wenye haraka, funzo liko karibu na mwisho. Lakini mkiruka mtamkosa mbuzi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Waliokuwepo Mwanza watakumbuka. Vitu ambavyo wazazi wetu walivipangia foleni, sasa vilitandazwa chini pembeni mwa barabara na muuzaji akakubembeleza ununue. Viwanda vya minofu vilikuwa vinaota kando ya ziwa, sangara anapanda ndege kwenda Ulaya kabla ya sisi wenyewe kuiona ndege kwa karibu, na mtaani tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Ndiyo biashara huria. Tulikula mapanki huku tukiisifu.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nafundisha chuo kimoja cha ualimu, nimepanga chumba Mkolani. Mali zangu zilikuwa digrii, redio kaseti na mchumba.

Mchumba aliitwa Mafuru, fundi wa mitambo ya barafu katika kiwanda kimoja cha samaki. Siku tulipofahamiana aliniuliza kwetu wapi, nikasema Bukoba.

"Basi wewe ni mtu wa ziwani kama mimi," akasema.

"Kabisa," nikajibu.

Hiyo "kabisa" ndiyo iliyozaa uzi huu.

Ukweli ni kwamba kwetu ni Bukoba ya juu, kwenye migomba na kahawa. Ziwa tuliliona kwa mbali, kama unavyoliona shamba la jirani. Zuri, na si lako. Baba yangu, mwalimu na mzee wa kanisa la Kilutheri, alikuwa anaamini kwamba Mungu angetaka Mhaya akae majini angempa magamba. Nilipoanza kusoma mbali ilinibidi kupanda meli ya kuja Mwanza, na kila safari nililala sakafuni katikati ya meli nimekumbatia nguzo. Asubuhi nikiulizwa nasema ni malaria. Nadhani hakuna mwanafunzi aliyewahi kuugua malaria yenye ratiba nzuri kama ile.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Shida ilikuwa mama yake Mafuru.

Mama alikuwa mjane. Makaburi ya ukoo wao hayako Nansio, yako kwenye kisiwa kidogo ng'ambo, ambacho sitakitaja kwa sababu wenyeji wake wamo humu na wana maneno. Kule ndiko alikozikwa baba yake Mafuru, na kule ndiko mama atakakozikwa. Kufika ni kwa mtumbwi tu.

Kaka yake Mafuru alikuwa ameoa mbali, bara kabisa. Baba mkwe alipofariki, yule mkwe wa kwanza alisafiri vizuri tu hadi ufukweni. Akauona mtumbwi, akakaa juu ya jiwe, akagoma. Msiba ukavuka, yeye akabaki analilia nchi kavu.

Mama hakumgombeza. Alisema tu kwamba mkwe wa pili atavuka kwanza, ndipo azungumzwe.

"Sitaki mkwe wa kunililia akiwa ng'ambo," ndivyo Mafuru alivyonifikishia maneno yake. "Lakini nimemwambia asiwe na wasiwasi. Wewe huogopi maji."

Nikacheka. Nilicheka kama mtu aliyekalia kaa la moto mbele za wageni.

"Na akinikataa?" nikauliza, nikijifanya natania.

Mafuru hakutania. "Mama amenilea peke yake tangu baba aanze kuumwa. Siwezi kuoa juu ya kichwa chake."

Kwa hiyo mmeelewa, wakuu. Nisipovuka, sina mume. Na nilikuwa nampenda yule fundi vibaya sana.

Nikajipanga kisomi. Niliamua kwamba mama wa Nansio humshindi kwa samaki, kumpikia samaki ni kujitafutia aibu bila sababu. Nitamshinda kwa ndizi. Nikaagiza mkungu kutoka nyumbani, na mshahara wangu nikaununulia hotpoti pale sokoni Makoroboi. Vijana wa sasa hamwezi kuelewa. Hotpoti zilikuwa ndiyo zimeingia, na hotpoti mezani iliisemea familia kuliko picha ya harusi. Yangu ilikuwa kubwa, ya maua mekundu, mfuniko wake ukifunga unatoa sauti ya heshima.

Kwenye meli ya kwenda Nansio nilikaa katikati, nikatoa mitihani ya wanafunzi nikaanza kusahihisha. Mafuru alisifu bidii yangu. Wanafunzi wa mwaka ule walipata maksi nyingi sana, na kama kuna mmoja wao humu, hazikuwa akili zako, yalikuwa mawimbi.

Nansio ilinishika moyo, sitaficha. Maduka ya zamani yenye vibaraza, mbao zimepauka kwa jua. Magodauni ya enzi za pamba. Wanaume wamekaa vivulini mchana wanasafisha taa za karabai za kuvulia dagaa, wanapuliza vumbi taratibu utadhani wanamsafisha mtoto masikio. Dagaa wameanikwa mchangani wanameta. Na kule watu wakisalimiana, kabla ya kuuliza watoto hawajambo, wanauliza ziwa limeamkaje. Nilitembea na Mafuru mitaa yote ya ule mji, nikala, nikanona. Kila kitu kilikuwa kizuri mradi kiwe juu ya ardhi.

Mama alikuwa mrefu, mwembamba, muuza dagaa, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mtumbwi ulioko mbali. Nilimpigia magoti kama tulivyolelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka, hapo hapajapigwa deki."

Akanitazama. "Mafuru anasema huogopi maji."

"Siogopi, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Haya," akasema, akageukia jiko lake.

Nikaona hakufurahi. Nikadhani hajaniamini, kwa hiyo siku zilizofuata nikawa naongezea. Nikasema nyumbani tulikuwa tunaogelea. Nikasema babu yangu alikuwa na mtumbwi. Kila nilipoongeza, mama alizidi kununa, na mimi nikazidi kuongeza. Digrii ile ningeirudisha.

Ikafika asubuhi ya kuvuka.

Nilipika ndizi kwa maharage, polepole, kwa roho yangu yote, nikajaza hotpoti, nikaifunga kwa khanga. Niliibeba hadi ufukweni kama anavyobebwa mtoto wa kubatizwa.

Mwenye mtumbwi aliitwa Manyama, mzee wa makamo, mnene, ambaye aliposikia natoka Bukoba aliniteua mtani wake palepale. "Mhaya! Leo ziwa litapata elimu," akasema, na abiria wakacheka. Walikuwa wachache, pamoja na mama mmoja aliyekuwa na mbuzi.

Sasa hapa Wakerewe shikeni vichwa.

Ndani ya mtumbwi, pale nilipoonyeshwa pa kukaa, palikuwa na kidimbwi cha maji na kopo. Kopo kuukuu la mafuta ya kula, lililokatwa juu, lina kutu, magamba ya samaki yamegandia, linanuka. Nikalitazama kopo, nikaitazama hotpoti yangu ya maua mekundu. Nikalishika lile kopo kwa vidole viwili, nikaliweka juu ya jiwe ufukweni, na mahali pake nikaiweka hotpoti.

Nilijiona nimefanya usafi.

Hakuna aliyeniona, kila mtu alikuwa anahangaika kumpakia mbuzi.

Tukaondoka. Mwanzo maji yalikuwa yametulia kama uji uliopoa. Mafuru alishika kasia akisaidiana na kijana wa Manyama, anaimba kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa wima, natabasamu, meno makavu. Mbuzi alilala. Nilimwonea wivu.

Tulipokuwa tumeiacha Nansio nyuma, na kisiwa bado hakijakaribia, upepo ukaja. Haukuja kidogo kidogo. Wimbi la kwanza likaingia ubavuni, likanilowesha mapajani. La pili likaingia na kukaa. Mbuzi akaamka.

"Kopo!" Manyama akaita, mikono yake yote iko kwenye usukani. "Kombeni maji! Kopo!"

Watu wakatazama chini. Wakatazama chini ya mbuzi.

"Kopo liko wapi?"

Wakuu, kuna wakati uongo wenyewe unakukimbia. "Nimeliacha kwenye jiwe," nikasema.

"Jiwe gani?"

Nikanyoosha kidole nyuma, kuelekea Nansio.

"Umeliacha kwa nini?"

"Lilikuwa chafu."

Manyama alinitazama kama anavyotazamwa mtu ambaye jina lake utalisahau makusudi. "Mwalimu," akasema, "ulitaka tulinywee chai?"

"Manyama, angalia mtumbwi wako," mama akamkata. "Maneno utampa akifika."

Abiria walikuwa wameanza kukomba kwa viganja na viatu. Ukikomba kwa kiganja, ziwa linakucheka. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu na yanapanda.

Nikaitazama hotpoti.

Nilifungua ile khanga. Nikafungua mfuniko, ukatoa ile sauti yake ya heshima. Mvuke ukapanda, harufu ya nyumbani ikajaa mtumbwini, na mama mwenye mbuzi akasema, "Jamani!" Nikaimwaga yote. Mkungu mzima wa Bukoba, maharage, vitunguu na matumaini yangu yote. Samaki wa Ukerewe siku ile walikula sherehe.

Kisha nikaanza kukomba.

Wanaonisifia husema nilikomba kama simba. Si kweli. Nilikomba kama mtu anayekataa kufa. Kila hotpoti iliyotoka na maji ilikuwa hatua moja mbali na kaburi, na mimi nilitaka kuwa mbali sana na kaburi. Sikunyoosha mgongo. Sikuona kisiwa wala watu. Wengine wanachoka, wanapumzika kidogo. Mwenye hofu hapumziki. Wimbi lilichukua mfuniko, sikugeuka hata kuuaga.

Nikasikia sauti ya mama karibu na sikio langu. "Unaogopa?"

"Naogopa, mama! Naogopa sana! Naogopa tangu Mwanza! Tangu Bukoba!"

Kasia la Mafuru likasimama hewani. "Si ulisema..."

"Piga kasia!" tukamfokea wote wawili kwa pamoja, mimi na mama yake.

Akapiga.

Mama akafungua mtandio wake, akaufunga kiunoni, akapiga goti kando yangu majini. Akaanza kukomba na kandambili. "Na mimi naogopa," akasema. "Komba."

Tulikomba. Maji yakiingia tunayatoa, yakiingia tunayatoa, mpaka ikawa tunatoa kuliko yanavyoingia. Mtumbwi ukawa mwepesi. Manyama akaanza tena kumtukana mbuzi, nikajua tunaelekea kupona.

Kisha nikasikia watu wanacheka. Mkono ukanigusa bega.

"Mwalimu," Manyama akasema, "tumefika. Hapo unapokomba ni ziwa."

Kweli, mtumbwi ulikuwa umekaa mchangani, na mimi nilikuwa nimeinamia ukingoni nachota Ziwa Viktoria lenyewe na kulimwaga palepale.

Nikashuka. Nikakaa mchangani na hotpoti yangu mapajani, nikalia, nikacheka, sijui kipi kilianza. Nilikuwa nimevuka. Mimi. Binti wa migomba. Nilijisikia kama mtu aliyelinunua lile ziwa na kupewa risiti. Hata mbuzi alinipita akiwa ameloa, akanitazama kwa heshima, hilo siongezi.

Makaburini mama alisimama mbele ya kaburi la mumewe, bado anachuruzika maji.

"Baba Mafuru," akasema, "nimekuletea mtu. Alikuwa anakuletea ndizi, zimeishia njiani. Anaogopa maji. Nimemwona mwenyewe."

Basi, hayo tu. Kisha akanionyesha kaburi dogo pembeni, la shemeji yake. Akasema ndani yake hamna mtu, mna shati na suruali. Huyo alikuwa akiulizwa kuhusu ziwa husema haogopi hata kidogo.

"Asiyeogopa ziwa tunamzikia nguo," akasema. "Ulipokuja nyumbani kwangu ukasema huogopi, nikajua Mafuru ameniletea mwingine wa kuzikiwa nguo. Kila siku unaongeza! Mara babu yako ana mtumbwi!"

"Alikuwa na baiskeli, mama."

Alicheka mpaka akashika lile kaburi.

Nikapata ujasiri, nikauliza kama basi mambo yameisha. Akakaza uso palepale. "Ya ndoa hayasemwi makaburini. Kuna wazee wa ukoo. Utaitwa."

Tulirudi alasiri upepo ulipolala. Kopo lilikuwa bado juu ya jiwe, limekaa kama mwenyekiti. Manyama alilichukua kwa mikono miwili, akalifuta, akanikabidhi mbele ya watu: "Nahodha, kifaa chako."

Jina likaanzia hapo. Kufika Mwanza nikakuta habari imenitangulia na njiani imenenepa. Chuoni ilikuwa inasemwa kwamba mwalimu mmoja Mhaya ameokoa mtumbwi kwa ushujaa wa ajabu. Kile kipande cha "naogopa, mama!" kilikuwa kimezama njiani, na mimi sikupiga mbizi kukitafuta. Wakaniita Nahodha, nikaitika. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, nao wakakuta mama yao ni nahodha.

Kwa wale waliokuwa wanasubiri funzo, ni hili. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Chuoni nilifundisha methali ile nikidhani ni ya kuwafariji waoga. Siyo. Ni ya mtumbwini. Hofu haikunizuia kuvuka, hofu ndiyo iliyokomba maji. Iliyotaka kunizamisha ni ile "siogopi" niliyoipeleka kwa watu wanaolijua ziwa.

La pili ni dogo. Ukienda kwa watu ukakuta kitu kichafu kimewekwa mahali, kiache.

Hotpoti ilibaki kwa mama. Haikuwa na mfuniko tena na ilinuka samaki, lakini aliiweka katikati ya meza.

Sasa nanyi. Waliopimwa na mama wakwe, semeni mlipimwa kwa kipimo gani na mlipata ngapi. Wa Ukerewe nisahihisheni ninapokosea, ila suala la kopo naomba lisifunguliwe upya. Na kama mnaona niwaambie watoto wangu ukweli, au nife na cheo changu, hilo nalo naliacha kwenu.

Mimi namalizia na simu.

Baada ya kurudi nilisubiri. Mafuru alikuwa hajui lolote, au alijua akanyamaza, na mimi nilikuwa nimekonda mpaka wanafunzi wakaanza kunionea huruma. Asubuhi moja karani wa chuo akachungulia darasani, kwa sababu simu ilikuwa moja tu, ofisini kwake.

"Nahodha! Simu kutoka Nansio!"

Nikakimbia. Nusu ya walimu wakanifuata, wakasimama mlangoni wakijifanya wanasoma tangazo la kikao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe."

Alikuwa anapaza sauti kama anaita mtumbwi, ofisi nzima ikasikia. Karani akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika meza.

"Wazee wamekaa," akaendelea. "Mwambie baba yako atuwekee viti. Tunakuja Bukoba."

"Mama, ni mbali. Ni usiku kucha majini."

"Najua. Nimeshauliza."

Laini ikakwaruza. Nikadhani imekatika. Kisha nikamsikia tena, sasa kwa sauti ya chini, ambayo walimu wa mlangoni hawakuipata.

"Naogopa, mwanangu. Utapanda na mimi?"

"Nitapanda, mama."

"Basi vizuri," akasema. "Na kopo ubebe wewe."